Kubadilishwa nyonga: namna ya kurudi kutembea nyumbani Kitui na Makueni

Upasuaji wenyewe huchukua saa moja hadi mbili hivi. Kurudi kutembea vizuri huchukua miezi mitatu, na kwa wengi nguvu zote hazirudi hadi mwaka utimie. Hospitali humsimamia mgonjwa siku chache za mwanzo tu. Zilizobaki zote ni za nyumbani. Na nyumba ndiyo tunayotaka kuizungumzia hapa, kwa sababu nasaha nyingi anazopewa mgonjwa wakati wa kuruhusiwa zimeandikiwa mtu mwenye choo cha kukalia, maji ya mfereji na sakafu iliyo sawa.

Msomaji wa pwani atauliza Kitui na Makueni zinamhusu nini. Zinamhusu sana. Changamwe, Mikindani, Kisauni, Mariakani na Shimba Hills zimejaa watu wa Ukambani, ni majirani zetu na wengine tumeoana. Mzee wao akifanyiwa upasuaji Mombasa au Nairobi, familia hukaa kikao na kuamua akauguzwe kwao, Mutomo au Mwingi, Mbooni au Kibwezi, ambako kuna watu wa kumwangalia na hakuna kodi ya nyumba. Uamuzi huo si mbaya. Lakini kaunti ya Kitui peke yake ni zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na katika hesabu ya watu ya 2019 ilikuwa na watu milioni 1.1 na ushei, huku Makueni ikikaribia milioni moja. Kwa wengi wao mtaalamu wa mazoezi ya viungo yuko mwendo wa saa nzima au zaidi kwa gari. Mgonjwa akishafika nyumbani, mwalimu wake ni mke, mume, mtoto au mjukuu. Hao ndio wanaopaswa kujua yafuatayo.

Kwanza, kilichofanyika ndani. Nyonga ni tufe ndani ya kikombe: tufe ni kichwa cha fupa la paja, kikombe kiko kwenye fupanyonga. Daktari hukata tufe lililoharibika, huchonga kikombe na kukivika kikombe kipya chenye bitana ya plastiki ngumu, kisha husukuma shina la chuma ndani ya fupa la paja na kuweka juu yake tufe la chuma au kauri. Njia hii kwa namna tunayoijua leo ilianza 1962, pale John Charnley, daktari Mwingereza wa hospitali ya Wrightington, alipopata plastiki iliyoweza kuvumilia kusuguliwa na chuma kwa miaka mingi. Wanaofanyiwa si wazee wa baridi yabisi tu. Kuna vijana wenye selimundu, ugonjwa tunaoujua sana huku pwani, ambao kichwa cha fupa la paja hufa kwa kukosa damu. Kuna waliotumia dawa za steroidi muda mrefu, kuna wanywaji wa pombe, kuna walioumia barabarani. Na kuna bibi na babu walioanguka wakavunjika shingo ya fupa la paja. Hao mara nyingi hubadilishwa tufe peke yake na kikombe chao huachwa.

Mfupa na chuma vinakuwa imara mapema kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo maana mgonjwa husimamishwa siku ile ile au kesho yake, na familia ikaona ni ukatili. Kinachochelewa kupona ni misuli na ngozi ngumu inayoizunguka nyonga, ambayo daktari amepita katikati yake. Hiyo inahitaji wiki sita hadi 12. Masharti yote anayopewa mgonjwa yanatokana na jambo hilo moja: kuzuia tufe lisichomoke kabla misuli haijashika.

Makosa mawili ya mapenzi

Kosa la kwanza ni kumlaza. Mzee akirudi, wageni wanakuja na sukari na majani, na kila mmoja anamwambia apumzike. Anapelekewa chakula kitandani, anapelekewa maji kitandani, na akitaka kuinuka anasukumwa kwa upole alale tena. Mapenzi haya yanadhuru kuliko maumivu. Damu isiyotembezwa huganda kwenye mishipa ya mguu, na donge likikatika likapanda mapafuni linaweza kuua kwa dakika chache. Mapafu yasiyotanuliwa hushika nimonia. Makalio na visigino hutoka vidonda. Misuli ya paja, ambayo tayari ilikuwa imelegea kwa miaka ya kuchechemea, huyeyuka kabisa. Mgonjwa wa nyonga anatakiwa kuinuka kila baada ya saa moja au mbili za mchana, hata kama ni kwenda mlangoni na kurudi. Usingizi ni wa usiku.

Dawa ya kuzuia damu kuganda, iwe sindano au vidonge, inatumiwa hadi siku ya mwisho iliyoandikwa, ambayo mara nyingi ni wiki nne au tano baada ya upasuaji. Wengi huiacha mara mguu ukipoa. Isiachwe.

Kosa la pili ni kumkanda. Pwani na bara, mtu akiumia kiungo tunaita mchuaji. Kwa misuli iliyochoka hakuna neno. Kwa nyonga mpya ni hatari tupu: mchuaji akikunja mguu na kuuzungusha ndani anaweza kuitoa nyonga mahali pake, na akikanda shavu la mguu lenye donge la damu anaweza kuling'oa likaenda mapafuni. Maji moto, majani na mafuta juu ya kidonda ambacho hakijafunga ni mlango wa vijidudu, na vijidudu vikishaingia kwenye chuma havitoki kwa vidonge. Mara nyingi hulazimu kupasuliwa upya.

Kigoda, choo na mswala

Kwa waliopasuliwa kwa nyuma ya nyonga, ambao ndio wengi, sharti kubwa ni kutokunja nyonga kupita pembe ya mraba. Njia rahisi ya kulikumbuka: ukiwa umekaa, goti lisiwe juu kuliko nyonga. Usikunje nne wala kupishanisha miguu, na usigeuze kidole gumba cha mguu kuelekea ndani ukiwa umesimama na kujizungusha. Waliopasuliwa kwa mbele wana masharti mengine, hasa kutoupeleka mguu nyuma sana huku umegeuzwa nje. Kwa hiyo kabla hujatoka wodini muulize daktari amepitia wapi, na akuandikie kwenye karatasi ya ruhusa, kwa sababu atakayekuhudumia Wote au Kitui atataka kujua.

Sasa tazama nyumba ya Ukambani kwa jicho hilo. Kigoda cha miguu mitatu kando ya mafiga kiko chini sana, karibu na ardhi. Mama hukaa hapo asubuhi na jioni, akipika, akipukuchua mahindi, akichagua pojo. Kigoda hicho kiondolewe machoni kabisa kwa miezi mitatu, maana mkono wa mazoea huwa haukumbuki masharti. Wenzetu wa pwani wana mbuzi ya kukunia nazi, nayo hukumu yake ni hiyo hiyo. Kiti kinachofaa ni kigumu, chenye mikono ya kujisukumia, na kitako kilicho juu kidogo kuliko goti la mgonjwa mwenyewe. Kochi la sifongo linalomeza mtu halifai. Kitanda kifupi kiinuliwe kwa matofali chini ya kila mguu, na chandarua achomekewe na mtu mwingine. Akilala ubavu, mto mnene ukae katikati ya mapaja.

Choo ndicho kizito zaidi. Choo cha shimo kinachuchumaliwa, na kuchuchumaa ni kuikunja nyonga hadi mwisho wake. Hapa hakuna mjadala. Kabla ya siku ya upasuaji, seremala atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, miguu yake ipanuke chini kiasi, kiwekwe juu ya shimo. Wapo wanaotoboa kiti cha plastiki. Kinasaidia, lakini miguu yake huteleza kwenye sakafu iliyomwagiwa maji, na kikipasuka mgonjwa anaanguka pale pale. Ukikitumia, kifunge kisisogee. Nguzo au mti wa kushikilia utiwe ukutani upande wa mkono wenye nguvu. Usiku atumie ndoo yenye kiti chumbani, asitoke nje. Kuanguka kwingi hutokea usiku, kati ya kitanda na choo, gizani, na ndara miguuni. Ndara nazo ziwekwe kando, avae kiatu kinachoshika kisigino.

Tumezungumzia kiti hiki kwa urefu kwa sababu ni cha gharama ndogo na kinasahauliwa kuliko vyote. Familia inachanga pesa nyingi za upasuaji, inafanya harambee, inakodi gari, kisha mgonjwa anafika nyumbani jioni na swali la kwanza ni la choo, na hakuna aliyelifikiria.

Kwa Waislamu, na mji wa Kitui una Waislamu wake tangu zamani, rukuu, kusujudu na kukaa tahiyatu vinavunja sharti lile lile. Mgonjwa huswali kwa kiti, akiashiria kwa kichwa na kifua kidogo bila kuinama hadi chini. Asiyeweza kusimama au kusujudu ana ruhusa katika dini, na masheikh hulieleza hilo kila mara. Tatizo ni wazee wanaoona haya kukaa kitini msikitini. Kutawadha pia kupangwe: mtu amsaidie kuosha miguu, au atumie kopo na kiti, asiupandishe mguu kwenye karo. Kama ataweza kurudi kusujudu baada ya miezi mitatu ni swali la daktari wake, na jawabu hutofautiana kwa mgonjwa na mgonjwa.

Magongo na mazoezi

Kawaida mgonjwa huanza na fremu ya kutembelea yenye miguu minne, akahamia magongo mawili, kisha mkongojo mmoja. Fremu ni nzuri kwenye sakafu na mbaya kwenye changarawe. Kwa ua wa udongo uliochimbikachimbika magongo hufaa mapema zaidi, mradi mgonjwa amefundishwa hospitali na haoni kizunguzungu. Kipimo chake: mgonjwa asimame na viatu, mikono ikining'inia, na kishikio kiwe sawa na kifundo cha mkono. Gongo la kwapani liache nafasi ya vidole viwili vitatu chini ya kwapa. Uzito unabebwa na viganja, kwa sababu kwapa likibanwa mishipa ya fahamu hufa ganzi. Mafundi wa mbao Ukambani hawakosekani, na hata hapa Changamwe chama cha wachongaji wa Kikamba kinajulikana na kila mtalii, kwa hiyo gongo la mbao lililopimwa vizuri lisidharauliwe. Mpira wa chini ukiisha, fundi wa viatu ataukatia kipande cha tairi. Gongo lisilo na mpira ni mtelezo.

Mkongojo mmoja unashikwa mkono ulio kinyume na mguu uliopasuliwa. Wengi huushika upande wa ugonjwa, na hivyo huegemea na kuchechemea zaidi. Kwenye ngazi au kizingiti, mguu mzima hupanda kwanza, mguu uliopasuliwa hushuka kwanza.

Mazoezi ya wiki za mwanzo hayahitaji mashine. Kitandani, pindisha nyayo juu na chini mara kumi kila saa. Kaza paja kwa kusukuma goti dhidi ya godoro, hesabu hadi tano, achia. Kaza makalio vivyo hivyo. Vuta kisigino polepole kuelekea kwako bila kuvuka pembe ya mraba. Akiweza kusimama imara, ashike meza nzito au nondo za dirisha, apeleke mguu uliopasuliwa kando, aurudishe, mwili ukiwa umenyooka. Kumi, mara tatu kwa siku. Zoezi hili la kando ndilo linaloamua kama mtu atachechemea maisha yake yote, kwa kuwa misuli ya ubavu wa nyonga ndiyo inayozuia kiuno kudondoka kila hatua. Pia ndilo linalotegewa zaidi, maana linachosha bila kuonekana. Wengine hukatazwa kulifanya wiki za kwanza kwa sababu ya njia daktari aliyopitia, basi lisianzwe bila ruhusa.

Kutembea kuanze kwa dakika tano, mara nne au tano kwa siku, na kuongezwe kidogo kila siku mbili tatu. Maumivu yanayotulia hadi asubuhi ni ya kawaida, na mguu kuvimba jioni pia ni kawaida ukipungua baada ya kuinuliwa usiku. Maumivu ya leo yakizidi ya jana na ya juzi, umepita kiasi, rudi nyuma. Mkongojo usiachwe kwa sababu ya harusi au mazishi. Unaachwa siku ambayo mtu anatembea bila kuyumba.

Mlima, mchanga na mvua

Mbooni na Kilungu, upande wa Makueni, ni milima na matuta; njia ya kwenda nyumbani inaweza kuwa mteremko mtupu. Kitui kwingi ni tambarare kavu, lakini mito yake ni ya mchanga, na gongo kwenye mchanga huzama kama ufukweni kwetu. Kwa mgonjwa wa wiki sita, uwanja wa mazoezi ni ua uliofagiliwa, mawe yametolewa, au barabara kuu ya kijiji asubuhi kabla ya jua.

Kuna jambo ambalo karatasi za hospitali hazilitaji, nalo ni kalenda ya shamba. Ukambani mvua inayotegemewa ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Mtu aliyepasuliwa Agosti anaingia wiki ya kumi mvua inaponyesha, anajisikia mzima, na kila mtu yuko shambani. Ni vigumu sana kumzuia asishike jembe. Njia nazo zimekuwa utelezi. Upasuaji usiokuwa wa dharura, kama wa baridi yabisi, unaweza kupangwa: ukifanyika Mei au Juni, miezi mitatu ya hatari huangukia kiangazi cha Julai hadi Septemba, njia ni kavu na shamba halimwiti mtu.

Maji ndiyo mtihani wa wanawake. Kuchota kwenye kisima cha mchanga ni kuinama hadi kichwa kiwe chini ya kiuno, kisha kubeba mtungi wa lita 20 mgongoni, kamba ikipita kichwani. Kilo 20 si mzigo wa mtu mwenye nyonga ya wiki nane. Familia ikubaliane mapema, na kwa majina, nani atachota. Tukisema "tutasaidiana," wiki ya tatu mama anaonekana mtoni.

Safari ya kurudi

Kutoka Mombasa, anayekwenda Makueni au kusini mwa Kitui hushukia Mtito Andei, Kibwezi au Emali, na kutoka Kibwezi ipo barabara ya lami hadi Mutomo na Kitui mjini. Mgonjwa apewe kiti cha mbele, kirudishwe nyuma na kuwekewa mto mgumu juu yake, gari lisimame kila saa moja atembee dakika chache. Probox iliyojaza watu haifai. Treni ya mchana inayosimama vituo vya njiani ina nafasi ya kuinuka na kunyoosha miguu, ila ulizia umbali wa kutembea kituoni na gari la kumpokea. Bodaboda ikatazwe kabisa kwa miezi mitatu. Kuipanda kwenyewe ni kupanua na kuzungusha nyonga, tusiseme kuanguka.

Nyuzi hutolewa baada ya wiki mbili hivi. Panga mapema pa kuzitolea na pa kuendelea na mazoezi: hospitali za rufaa za kaunti ziko Kitui mjini na Wote, Mwingi na Makindu zina hospitali zake, na kusini mwa Kitui ipo hospitali ya misheni ya Mutomo. Piga simu kwanza uulize siku ambazo mtaalamu wa mazoezi yupo. Kuhusu malipo, tangu 1 Oktoba 2024 SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Kabla ya kulazwa uliza kwa maandishi kama bei ya nyonga ya bandia yenyewe imo ndani ya malipo ya upasuaji, na kama vikao vya mazoezi vimelipiwa. Hayo mawili ndiyo yanayoshtua watu mwishoni.

Yasiyongoja asubuhi: shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi au kifua kuchoma ghafla, maumivu makali ya nyonga ya ghafla, mguu ukaonekana mfupi au umegeuka na mgonjwa hawezi kuukanyagia, kidonda kutoa usaha au majimaji, au homa. Asivutwe mguu na mtu yeyote nyumbani. Alazwe alivyo, mguu uzuiliwe kwa mito, apelekwe hospitali hata kama ni usiku.

Baada ya miezi mitatu, kwa ruhusa ya daktari, wengi hurudi kazini, dukani, hata shambani kwa kazi nyepesi. Tendo la ndoa, ambalo watu huona haya kuuliza, kwa kawaida huruhusiwa baada ya wiki sita hivi kwa mikao isiyoikunja nyonga sana. Nyonga yenyewe hudumu: uchambuzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019 ulikuta takriban 58 kati ya nyonga 100 bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Kinachoziharibu mapema ni mzigo mzito, kuanguka, na vijidudu vinavyosafiri kwa damu kutoka mahali pengine, hata miaka baadaye. Jipu, kidonda cha kisukari au jino lililooza kwa mwenye nyonga ya chuma litibiwe wiki hiyo hiyo, na kila daktari au daktari wa meno anayemwona aambiwe kwamba ana nyonga ya bandia.